Matanga juu ya Mawe ya Nyiragongo

Mtaa wa Ndosho, ulioko magharibi ya mji wa Goma kando ya barabara iendayo Sake, umejengwa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na volkano. Na mawe hayo, ambayo humpa mjenzi msingi wa nyumba na ukuta wa ua kwa gharama ndogo, humnyima mchimba kaburi ule ulaini wa udongo ambao watu wa nchi nyingine hudhani kuwa ni haki ya kila maiti. Kwa hiyo mtu atakaye kuijua tarikhi ya Ndosho kwa njia ya makaburi atapata habari chache, ilhali yule aketiye katika matanga ya mtaa huo ataona jinsi watu waliofikwa na misiba mingi kupita kiasi walivyoifanya faraja kuwa kazi ya majirani wote.

Desturi yenyewe ina asili nyingi. Wahunde, Wanande, Wahutu, Watutsi, Washi, Wahavu na wengineo waliohamia Goma walikuja kila kabila na kanuni zake za kilio, na Kiswahili, kilichoingia Kongo ya mashariki pamoja na misafara ya wafanya biashara wa pwani katika karne ya 19, kikawapa lugha moja ya kupeana pole. Msiba utokeapo, shitingi, yaani turubai, hutandazwa juu ya miti mbele ya nyumba ya mbao, viti hukusanywa, na moto huwashwa uani. Wanawake huketi mikekani pamoja na mfiwa, wanaume hukesha nje, na wanakwaya wa kanisa huja jioni kuimba. Mmoja mwenye hati nzuri hushika daftari na kuandika mchango wa kila mtu, ukiwa ni franga, makaa, unga au mafuta, si kwa kudai, bali ili aila iliyofiwa ijue itamwendea nani zamu yake itakapofika. Na kama ilivyo pwani, ambako hitima husomwa na matanga huondolewa aghalabu siku ya tatu, huku nako iko siku ya kuondoa matanga, ambapo chakula hupikwa kwa wingi, madeni ya marehemu hutajwa hadharani, na jamaa hupatana ni nani atakayewalea mayatima.

Mgeni asiyezoea huweza kuona haya asikiapo kicheko katika nyumba ya msiba. Lakini kwa watu hawa marehemu hatajwi kwa sifa kubwa kubwa pekee. Hutajwa kwa yale aliyoyapenda: sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa mawese, maharagwe na jibini ya Masisi, chai ya maziwa, na zaidi ya vyote sambaza zilizokaangwa zikakauka. Samaki hao wadogo, jamaa ya dagaa, hawakuwamo katika ziwa Kivu hadi walipoletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huvuliwa usiku kwa nuru ya taa, na katika muda usiozidi umri wa mtu mzima wamekuwa kitoweo ambacho pasipo hicho watoto wa Goma hawajui karamu. Mjane asimuliapo namna mumewe alivyozichagua sokoni, au alivyorudi na chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili la kusukumwa, iliyosheheni viazi akiwachekesha watoto kabla ya kushusha mzigo, hasimulii upuuzi. Anawapa watoto hao urithi usioweza kuungua wala kuibwa.

Urithi wa namna hiyo ulihitajiwa sana, maana maafa hayakukawia. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa siku chache; kipindupindu kikazuka, na katika mwezi mmoja watu karibu 50,000 wakafa, wengi wakilazwa kando ya njia kwa kuwa miamba haikuchimbika kwa jembe. Ndosho ikajulikana ulimwenguni kwa kituo chake cha mayatima, kilichojaa watoto waliokufiwa na wazazi wao au kupotezana nao njiani. Kati ya maovu yote ya mwaka ule, labda hilo ndilo lililokuwa zito kuliko mengine: mtoto kubaki na msiba pasipo mtu mzima wa kumwambia baba yake alipenda nini.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Na baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, watu walipoamriwa kuhama, makundi makubwa yalishika barabara hii hii ya Sake wakiwa na magodoro na sufuria vichwani. Aliyefiwa siku hizo aliomboleza ugenini, na hapo ikadhihiri kwamba matanga hayategemei nyumba, maadamu jamaa wapo na chungu kinachemka.

Vita navyo viliuleta msiba hadi mlangoni. Tangu mwaka 2012 waganga wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wamewapasua majeruhi wa vita katika hospitali ya kanisa la Kibaptisti la CBCA, Ndosho. Mapigano ya mwaka 2024 yalipoifunga barabara ya Sake, mazao na abiria wakahamia majini, na tarehe 3 Oktoba mashua iliyotoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku. Baadhi ya aila zilifiwa bila ya kupata maiti wa kuzika. Waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, hospitali ya Ndosho ilifurika majeruhi, na kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa watu wasiopungua 2,900 walikufa, wengi wakazikwa kwa haraka pasipo jamaa zao kuwapo.

Hesabu hizo zimeandikwa katika taarifa za mashirika na zitadumu humo. Ila taarifa hizo hazina jina la jirani aliyeleta makaa usiku wa pili, wala la shangazi aliyechukua watoto watatu juu ya watano wa kwake. Na tarikhi ya mji isiyowataja watu hawa itakuwa imeeleza namna Goma ilivyobomolewa bila ya kueleza kwa nini ingali inakaliwa. Wanachuoni wa Kivu wangefanya hisani kubwa kuyakusanya madaftari ya matanga, kwa idhini ya wenyewe, kabla ya mvua na kuhamahama kuyamaliza, na kuyahifadhi kwa heshima ile ile ipewayo hati za serikali.