Unavuka Tunduma? Hizi ndizo programu za kuweka kwenye simu kabla hujatoka Kitandililo

Kwa mkazi wa kata ya Kitandililo, Makambako, nje ya nchi si mbali kama wengi wanavyodhani. Basi likishapita Chimala, Igurusi na Uyole, ni suala la saa chache msafiri ajikute Tunduma, anatazama Nakonde ya Zambia ng'ambo ya pili. Akikata kushoto pale Uyole anapita Tukuyu hadi Kasumulu, anaingia Malawi. Na wasio na haraka wana treni ya TAZARA inayosimama Makambako, kwenye reli ya kilomita 1,860 inayoishia New Kapiri Mposhi.

Shida inaanzia kwenye simu. Bando lililonunuliwa Makambako halitumiki ng'ambo kama kawaida, laini inatafuta mtandao, na zile programu ambazo nyumbani zinafunguka zenyewe zinabaki kuzunguka tu. Ndiyo maana kazi kubwa inafanyika kabla ya safari, pale ambapo bado kuna mtandao wa uhakika na umeme wa kuchaji.

Ramani ipakuliwe, isitegemewe mtandaoni

Google Maps ipo kwenye simu nyingi za Android tangu zinanunuliwa, lakini wengi hawajui kwamba inaweza kufanya kazi bila bando. Msafiri anagusa picha yake juu kulia, anachagua ramani za nje ya mtandao, kisha anapakua eneo analokwenda, mfano Nakonde hadi Kasama, au Karonga hadi Mzuzu. Alama ya mahali alipo inaendelea kuonekana hata simu ikiwa haina laini, kwa sababu GPS inapokea ishara za satelaiti, si za mnara wa simu.

Ina upungufu wake. Bila intaneti, Google Maps inaelekeza njia za gari tu, haielekezi mtu anayetembea kwa miguu. Kwa mwenye kutafuta gesti kwenye vichochoro, Organic Maps ni msaada zaidi. Ni ya bure, haina matangazo, na ramani yake nzima inakaa ndani ya simu. Inatumia data za OpenStreetMap, ambazo huchorwa na watu wa kujitolea, hivyo kuna mji utakaokuta hadi njia ya kupita baiskeli, na kuna mji utakaokuta barabara kuu pekee.

Kwacha mbili zisizofanana

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Zambia wanatumia kwacha, Malawi nao wanatumia kwacha, lakini ni sarafu mbili tofauti kabisa, na ya Zambia ina thamani kubwa zaidi. Kwenye programu ya kubadili fedha kama XE, ya Zambia inaandikwa ZMW na ya Malawi MWK. Aliyechagua MWK wakati yupo Nakonde atapiga hesabu vizuri kabisa, na jibu litakuwa limekosewa vibaya.

XE inatunza viwango vya mwisho ilivyosoma ikiwa mtandaoni, hivyo ifunguliwe asubuhi ya safari kabla ya kufika mpakani. Msafiri akishajua laki moja yake inapaswa kumpa kwacha ngapi, hata anayebadilisha fedha kwa mkono atazungumza naye kwa adabu. Bado, dukani penye kibali na risiti ni salama kuliko barabarani.

Jambo jingine ni noti zenyewe. Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha yake Januari 2013, na mwaka 2025 Benki Kuu ya nchi hiyo ikaleta noti za sura mpya, zikiwamo za kwacha 200 na 500. Picha zake zipo kwenye tovuti ya benki hiyo. Kuzihifadhi kwenye simu ni kazi ya dakika mbili, na inamwokoa mtu asipokee karatasi asiyoijua.

Kuhusu pesa za simu, mwenye Airtel Money ya Tanzania asifikiri kwamba wakala wa Airtel wa Nakonde atamtolea tu kwa sababu rangi ya kibanda ni ileile. Akaunti za nchi moja si za nchi nyingine. Aulize mtandao wake kabla, na abebe fedha taslimu za kumtosha siku ya kwanza.

Saa inayomchelewesha mtu basi

Zambia na Malawi zipo nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu nyingi zinabadili saa zenyewe kwa kufuata mnara zilioushika, na mpakani simu haijui uzio uko wapi. Mtu amelala gesti Tunduma, upande wa Tanzania, simu inashika mnara wa Nakonde. Ametega kengele saa 10 alfajiri ili awahi basi la saa 11. Kengele italia, ndiyo, lakini Tunduma itakuwa tayari ni saa 11 na basi linatoka.

Dawa yake ipo kwenye mipangilio ya tarehe na saa: kuzima saa za eneo za kiotomatiki hadi atakapovuka kweli. Programu ya saa ya kwenye simu nayo inaruhusu kuweka saa za miji miwili, Dar es Salaam na Lusaka, zikaonekana pamoja.

Kwenye mipangilio hiyohiyo azime data za nje ya nchi, ile huduma ya kutumia intaneti kupitia mtandao wa ng'ambo. Simu ikihamia mnara wa jirani huku data zimewashwa, salio linaweza kukatika mtu akiwa hajavuka hata geti.

Lugha

Nakonde Kiswahili kinasikika sokoni, na Mnyakyusa akifika Karonga hahitaji programu yoyote, ataelewana na wenyeji kwa lugha yake. Mbena wa Kitandililo akisogea hadi Kasama au Lusaka ndipo anahitaji msaada. Google Translate ina Kichewa kwa miaka mingi, na mwaka 2024 iliongezewa lugha 110, Kibemba na Kitumbuka zikiwamo. Tafsiri si kamilifu, hasa kwenye utani na bei. Sentensi fupi ndizo zinazotoka vizuri: "Nauli ni shilingi ngapi?" inafika salama kuliko maelezo marefu. Si kila lugha inapakulika kwa matumizi ya bila mtandao, kwa hiyo aangalie alama ya kupakua akiwa bado nyumbani.

WhatsApp, na nani anajua ulipo

Akinunua laini ya Zambia, WhatsApp itamuuliza kama anataka kubadili namba. Akikataa, anaendelea na namba yake ya Tanzania na watu wote wanampata palepale. Laini ya zamani asiitupe wala kuigawa, maana ndiyo inayopokea namba za uthibitisho. Vilevile awashe uthibitishaji wa hatua mbili kabla ya kuondoka.

Kwa anayesafiri peke yake, kipengele cha kushiriki mahali moja kwa moja kinafaa kuliko kupiga picha kila kituo. Kina muda wa dakika 15, saa 1 au saa 8, na ndugu aliyebaki Makambako anaona gari linavyosogea, mradi kuna bando na simu ina chaji. Hapo pawabanki ni ya lazima.

Picha ya pasipoti na ya kadi ya chanjo ya homa ya manjano zitumwe kwa ndugu huyohuyo. Simu ikiibiwa Lusaka, picha zilizomo ndani yake peke yake hazimsaidii mtu.