Nafuu ya Mpangaji Aliyepoteza Upangaji kwa Kutolipa Kodi: Kutoka Uingereza hadi Kenya, 1730–2012

Makala haya yanachunguza historia ya kanuni inayomruhusu mpangaji aliyepoteza mkataba wake kwa malimbikizo ya kodi kuiomba mahakama imrejeshee. Hoja kuu ni kwamba kanuni hiyo, ingawa huelezwa kuwa ngao ya mnyonge, tangu mwanzo ilimfaa mpangaji aliyechelewa kulipa kuliko yule asiyeweza kulipa.

Nchini Uingereza, mikataba ya upangaji ilikuwa na sharti la kumruhusu mwenye ardhi kuingia tena iwapo kodi haikulipwa. Mahakama za sheria ya kawaida zilisoma sharti hilo neno kwa neno. Hata hivyo, zilimbana pia mwenye ardhi: alitakiwa kudai kiasi kamili, katika ardhi yenyewe, siku ya malipo, kabla ya jua kuchwa. Mahakama ya Chancery, kwa upande wake, ilitazama kusudi la sharti, ikaliona kuwa ni dhamana ya kodi tu. Mwenye ardhi aliyelipwa kodi, riba na gharama alikuwa amepata alichoahidiwa. Kumwachia pia ardhi na majengo yaliyoendelezwa na mpangaji kulikuwa kumpa zaidi ya stahiki yake.

Huruma hiyo ilimweka mwenye ardhi katika mashaka, kwa kuwa hakujua ni lini mpangaji angerudi. Sheria ya 1730 ilijaribu kusawazisha pande zote mbili. Iliondoa ulazima wa dai rasmi pale ambapo kodi ya nusu mwaka haikulipwa na mali iliyokuwamo haikutosha kukamatwa kufidia deni. Wakati huohuo, ilimwekea mpangaji ukomo wa miezi 6 baada ya hukumu kutekelezwa, na ikaagiza shauri lisimame iwapo angelipa deni na gharama kabla ya kusikilizwa. Mwaka 1860, mahakama za sheria ya kawaida nazo zilipewa uwezo wa kutoa nafuu hiyo.

Kanuni ilifika Kenya kwa njia ya India. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Uhamishaji wa Mali ya India ya 1882, iliyotumika Kenya hadi 2012, kiliiruhusu mahakama kumwondolea mpangaji hasara hiyo akilipa, wakati wa kusikilizwa kwa shauri, kodi, riba na gharama zote, au akitoa dhamana ya kuzilipa ndani ya siku 15. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 iliifuta sheria hiyo, lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo ikabakiza nafuu yenyewe, mahakama ikitakiwa kuzingatia mwenendo wa pande zote na mazingira ya shauri.

Katika safari hiyo yote, mlango wa nafuu ulifunguliwa kwa fedha. Mfanyabiashara aliyekwama kwa msimu mmoja aliweza kuuokoa upangaji wake. Aliyefilisika hakuwa na cha kuiletea mahakama. Jambo hili lina uzito kwa mtafiti pia. Kumbukumbu za mashauri zinahifadhi sauti za walioweza kuomba, ilhali waliofungasha vyombo na kuondoka kimya hawamo. Kwa hiyo, historia ya nafuu isichukuliwe kuwa ndiyo historia ya wapangaji wote waliopoteza makazi au biashara zao kwa sababu ya kodi.