Bustani ya mvua peke yake

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili: ua la kunusa na ua wa kuzungushia nyumba. Leo nataka tuviangalie vyote viwili, maana kila kijana anayejenga siku hizi anataka bustani ya Kizungu mbele ya mlango, nyasi kijani mwaka mzima, na wote tunajua maji yanavyopatikana. Wapo wanaonunua maji ya boza ili ukoka unywe. Basi tuulize: bustani ya Kizungu ipi hiyo?

Ile ya nyumba ndogo za vijijini Uingereza, inayopigwa picha kwenye kalenda, ilianza kama bustani ya maskini. Karne ya 18 na ya 19 sheria ziliwapa wenye mashamba makubwa ardhi iliyokuwa ya wote, na kibarua akabaki na kipande cha mlangoni. Hapo alibanana na viazi, kabichi, vitunguu, mizinga ya nyuki, majani ya dawa, pengine na nguruwe mmoja. Maua yalichomekwa palipobaki nafasi. Ua wa miti ulizuia mifugo ya watu na macho ya wapita njia. Maji yalitoka kisimani kwa ndoo, kwa hiyo mmea uliodekea maji ulikufa, na uliopona ndio jirani alioomba mbegu zake.

Nyasi zilizokatwa zikalingana zilikuwa mambo ya bwana mkubwa mwenye watu wa kufyeka. Mwaka 1830 Edwin Budding akasajili mashine ya kukatia nyasi, na polepole hata karani akaanza kujiona bwana. Baadaye William Robinson na Gertrude Jekyll wakaisifia bustani ya kibarua. Jekyll aliitazama kwa makini vijijini Surrey, na matajiri wakaanza kuiiga. Waliiga sura tu jamani. Ile hesabu ya ndoo hawakuichukua.

Hesabu ilikuja kudaiwa mwaka 1976. Ukame ulikuwa mkali kiasi kwamba serikali ya London ilimteua Denis Howell kuwa waziri wa kushughulikia ukame (mvua ikaanza kunyesha siku chache baadaye, watu wakamcheka). Kumwagilia kwa mpira kulipigwa marufuku sehemu nyingi, na kuna mitaa watu walipanga foleni na ndoo kwenye mabomba ya barabarani. Waingereza hao hao!

Miaka miwili baadaye Beth Chatto alichapisha kitabu chake kuhusu bustani kavu. Mama huyu aliishi na mumewe Andrew na binti zao wawili karibu na Colchester, Essex, mojawapo ya pembe kavu kabisa za nchi ile, yenye mvua kama milimita 500 kwa mwaka. Dodoma yetu hupata takriban 570, ingawa jua la Dodoma ni jingine. Andrew alitumia maisha yake kuchunguza mimea inaishije porini kwake, na mkewe akapanda kwa kufuata hilo: kwanza soma udongo, mmea baadaye.

Mwaka 1991 alichukua uwanja wa kuegesha magari ya wageni wake, mchanga na kokoto tupu, akaamua hautamwagiliwa. Mipira ya maji aliitumia kitu kimoja tu: aliilaza chini kuchora mikunjo ya njia, ifanane na mto uliokauka. Udongo ulioshindiliwa na magari ulivunjwa, mboji ikachanganywa, kila mche ukachovywa majini kabla ya kupandwa, kisha changarawe ikatandazwa juu ili jua lisinyonye unyevu. Lavenda, mipopi, vitunguu vya maua, nyasi ndefu. Chatto alifariki mwaka 2018. Bustani ipo, na inaishi kwa mvua peke yake.

Na ua wa faragha? Hapo Waingereza wengi walifanya haraka. Walipanda leylandii, msaiprasi chotara unaoweza kukua karibu mita moja kwa mwaka. Ukamnyima jirani mwanga, ukakausha ardhi iliyo chini yake, na ugomvi ukafika mbali hadi sheria ikatungwa: tangu Juni 2005 halmashauri za England zinaweza kuamuru ua wa namna hiyo, ukizidi mita 2, upunguzwe.

Sasa sikilizeni hili. Kati ya mimea inayostawi kwenye changarawe ya Chatto ni ile ya jenasi ya Euphorbia, ndugu kabisa wa minyaa yetu. Utomvu wake mweupe ni ule ule, na mtunza bustani huvaa glovu asije akapofuka. Minyaa Wasukuma waliizungushia nyumba zao bila kumwagilia hata kikombe. Mjini tunaing'oa, tunapandisha ukuta wa matofali ya saruji, halafu tunapiga simu boza lije.