Gridi ya kompyuta ya LHC

Gridi ya kompyuta ya LHC, inayojulikana pia kwa kifupi WLCG, ni muungano wa vituo vya kompyuta takriban 170 katika nchi zaidi ya 40. Vituo hivyo vinahifadhi, kugawana na kuchambua data zinazotoka kwenye mashine ya Large Hadron Collider, yaani LHC. Mashine hiyo iko CERN, shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia karibu na Geneva, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Kati ya mifumo yote ya kompyuta inayoitwa gridi, huu ndio mkubwa zaidi duniani.

Jina

Jina "gridi" limeazimwa kutoka kwa umeme. Mtu wa Mwanza anapowasha taa haulizi kama umeme wake umetoka bwawa la Kidatu au mitambo ya gesi ya Ubungo, kwa sababu gridi ya taifa imeunganisha vyote. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kompyuta Ian Foster na Carl Kesselman, wote wakifanya kazi Marekani, walipendekeza kwamba nguvu za kompyuta nazo zipatikane kwa namna hiyo. Mwanasayansi angechomeka kazi yake kwenye mtandao, na kompyuta yoyote yenye nafasi ingeifanya. Kitabu walichohariri kuhusu wazo hilo kilitoka mwaka 1998, na programu yao ya Globus ikawa msingi wa gridi nyingi za mwanzo.

Mfano wa umeme unasaidia, lakini una mipaka. Umeme ni uleule popote unapotoka, ilhali data ziko mahali fulani na kuzihamisha kunachukua muda. Tena, mwenye kompyuta hutaka kujua ni nani anayeingia ndani ya mashine zake. Sehemu kubwa ya kazi ya kujenga gridi ilitokana na tofauti hizo mbili.

Sababu za kuanzishwa

LHC ni njia ya duara yenye mzingo wa kilomita 27, iliyochimbwa chini ya ardhi. Ndani yake protoni zinazokimbia karibu na kasi ya nuru hugonganishwa, na migongano inaweza kufikia bilioni moja kwa sekunde. Vifaa vya elektroniki na kompyuta zilizo karibu na vipimio hutupa sehemu kubwa kabisa na kubakiza ile michache inayoonekana kuwa na maana. Hata hivyo, kabla mashine haijawashwa ilikadiriwa kwamba data za kuhifadhiwa zingefika petabaiti 15 kwa mwaka, na baadaye kiasi hicho kilipitwa mara kadhaa. Petabaiti moja ni gigabaiti milioni moja. Kuhifadhi petabaiti 15 kwenye simu zenye nafasi ya gigabaiti 64 kungehitaji simu zaidi ya 230,000.

Bahati nzuri ni kwamba kila mgongano unajitegemea. Kazi hii inafanana na kuchambua mchele: watu mia wanaweza kuchukua magunia mia, kila mmoja akakaa nyumbani kwake, na hakuna anayelazimika kumsubiri mwenzake. Utabiri wa hali ya hewa hauko hivyo. Humo hesabu ya eneo moja inategemea maeneo jirani kila hatua, ndiyo maana hufanywa kwenye kompyuta kubwa moja ambayo sehemu zake zinawasiliana kwa kasi sana.

Swali moja linabaki: kwa nini kompyuta zote zisiwekwe CERN? Jibu linahusu fedha na siasa zaidi ya fizikia. Bajeti ya CERN isingetosha, na serikali zilizochangia utafiti zilipendelea kulipia kompyuta zitakazokaa kwenye vyuo na taasisi zao, ambako zingefundisha pia vijana wao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa MONARC ulichora mpango wa vituo vilivyopangwa kwa ngazi. Mwaka 2001 baraza la CERN liliidhinisha ujenzi wa gridi. Miradi ya Umoja wa Ulaya, kwanza European DataGrid na kisha EGEE, ilitengeneza programu na kuunganisha vituo vya Ulaya. Marekani ilikuwa na muungano wake ulioitwa Open Science Grid.

Gridi ilizinduliwa rasmi tarehe 3 Oktoba 2008. Wakati huo LHC yenyewe ilikuwa imesimama, kwa kuwa tarehe 19 Septemba hitilafu ya umeme ilisababisha heli kuvuja na kuharibu sumaku nyingi. Kompyuta zikawa tayari, lakini hazikuwa na data za migongano ya LHC za kuchambua hadi mashine ilipowashwa tena Novemba 2009.

Muundo

Ngazi ya sifuri ni CERN. Hapo data ghafi huandikwa kwenye tepu za sumaku, ambazo ni za bei nafuu na hudumu kuliko diski. CERN hutoa takriban moja ya tano tu ya uwezo wote wa gridi. Ngazi ya kwanza ina vituo vikubwa zaidi ya 10, kama vile Karlsruhe nchini Ujerumani, Lyon nchini Ufaransa, Bologna nchini Italia, Barcelona nchini Hispania, na maabara za Fermilab na Brookhaven nchini Marekani. Vituo hivi hupokea nakala ya pili ya data kupitia nyaya maalumu za kasi kubwa, na huahidi kuwa kazini usiku na mchana. Ngazi ya pili ni vyuo vikuu na taasisi nyingi zinazofanya uchambuzi na kuiga migongano kwa kompyuta.

Kazi inavyosafiri

Mtafiti huandika programu na kutaja data anazozihitaji. Mfumo hutafuta kwenye orodha vituo vyenye data hizo na kuipeleka programu huko. Utaratibu huu una mantiki rahisi: programu ni ndogo na data ni nzito, basi kilicho chepesi ndicho kisafiri. Programu husubiri foleni, hufanya kazi, na matokeo humrudia mwenyewe. Kila siku gridi hukamilisha kazi zaidi ya milioni moja.

Miaka ya mwanzo kazi nyingi zilikwama kwa sababu kila kituo kilikuwa na mashine na mipangilio yake. Ufumbuzi ulikuwa kutuma kwanza programu ndogo ya upelelezi. Hiyo hukagua kama mashine ni nzima, na ikiridhika ndipo huita kazi halisi.

Suala la kuaminiana lilitatuliwa kwa vyeti vya kidijitali. Mtafiti huthibitishwa na mamlaka inayotambuliwa katika nchi yake, kisha hujiunga na jumuiya ya watumiaji wa jaribio lake, kwa mfano ATLAS, CMS, ALICE au LHCb. Kituo huingia makubaliano na jumuiya, si na mtu mmoja mmoja, ndiyo maana mwanafunzi anaweza kutumia kompyuta za nchi asiyowahi kufika bila kuomba neno la siri huko. Kazi yake husafiri na kibali cha muda mfupi, mara nyingi saa 12, ili kikiibiwa kisiwe na faida kwa muda mrefu.

Mafuriko ya Bologna

Alfajiri ya tarehe 9 Novemba 2017 bomba kuu la maji la mji lilipasuka karibu na kituo cha Bologna. Maji yaliingia ndani, yakaharibu mitambo ya umeme na kulowesha tepu za safu za chini, na kituo kizima kikazimika. Huduma zilirudi hatua kwa hatua mwanzoni mwa mwaka 2018. Katika muda huo uchambuzi wa LHC uliendelea kwenye vituo vingine, kwani data ghafi zilikuwa na nakala CERN. Kwa hiyo kutawanya data, jambo lililoanza kwa sababu za bajeti, lilionekana kuwa pia kinga.

Matokeo

Tarehe 4 Julai 2012 majaribio ya ATLAS na CMS yalitangaza kugunduliwa kwa chembe mpya, ambayo baadaye ilithibitishwa kuwa chembe ya Higgs. Mkurugenzi mkuu wa CERN wa wakati huo, Rolf Heuer, aliitaja gridi pamoja na mashine na vipimio kama sababu ya mafanikio hayo.

Miundombinu ya EGEE haikutumiwa na wanafizikia peke yao. Mwaka 2005 mradi wa WISDOM uliitumia kutafuta dawa mpya za malaria. Kompyuta zilijaribu jinsi molekuli mbalimbali zinavyoweza kunasa kwenye protini ya kimelea, zaidi ya mara milioni 40 katika muda wa wiki sita hivi. Kompyuta moja ya kawaida ingechukua miaka 80. Kazi ya namna hiyo haitoi dawa. Inapunguza orodha ya kemikali zinazostahili kupimwa maabara.

Afrika

Kituo cha kompyuta cha CHPC huko Cape Town ni cha ngazi ya pili na kinahudumia jaribio la ALICE. Kwa Afrika Mashariki kizuizi cha muda mrefu kilikuwa mtandao: kabla ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, vyuo vingi vilitegemea setilaiti, na kupokea data za kisayansi kwa njia hiyo kulikuwa ghali mno. Mitandao ya vyuo kama KENET ya Kenya, TERNET ya Tanzania na RENU ya Uganda, iliyo ndani ya muungano wa UbuntuNet, imeunganishwa na mtandao wa utafiti wa Ulaya.

Gridi na wingu

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 neno "gridi" limefunikwa na "wingu", ambapo makampuni hukodisha kompyuta kwa malipo. Vituo vya WLCG vimechukua mbinu nyingi za wingu, lakini tofauti ya msingi ipo: kwenye wingu mtumiaji hulipa mwenye mashine, na kwenye gridi taasisi huchangia mashine zao kwa kazi ya pamoja. Rucio, programu ya kufuatilia mahali data zilipo iliyotengenezwa kwa ajili ya ATLAS, sasa inatumiwa pia na CMS na jaribio la Belle II la Japani. LHC iliyoboreshwa, inayotarajiwa kuanza kazi karibu na mwaka 2030, itaongeza data mara nyingi kuliko za sasa.