Bega la Kushoto

Raunda tuliicheza kwa kiganja kabla ya kuicheza kwa gongo. Hapa Jericho, kwenye nafasi kati ya safu mbili za nyumba za kaunti, mpira ulikuwa matambara ndani ya juala, umekazwa kwa kamba ya gunia, na ukirushiwa unaufungulia kofi. Ukikosea, kidole gumba kinavimba na mathe anataka kujua ulikuwa unapigana na nani.

Darasa la tano nikapewa gongo la shule. Ni fupi: sheria za Uingereza zinataka lisizidi sentimita 46, ndiyo maana unaweza kulishika kwa mkono mmoja. Mimi nilidhani nguvu iko hapo mkononi, kwa hivyo nililikaba kama mtu anayenyonga kuku. Mwalimu wa michezo akanigonga bega la kushoto kwa filimbi. Hili, akasema, lisifunguke kabla mpira haujafika.

Nilichukua muhula mzima kumwelewa. Nguvu inatoka chini: mguu unakanyaga, nyonga inageuka, bega linafuata, na mkono unafika mwisho kama ncha ya kiboko. Bega likiwa na haraka, mkono unabaki kuvuta mzigo peke yake, na mpira unaenda pembeni au unaupiga upepo. Vidole navyo vishike kwa ulegevu, vikaze tu pale gongo linapokutana na mpira. Ukivikaza mapema, kifundo kinakufa.

Baadaye, nikisoma historia ya mchezo huu, nilicheka. Sheria zake zilitokea mwaka 1828 katika kitabu kilichochapwa London, The Boy's Own Book. Yaani cha wavulana! Shuleni kwetu raunda ilikuwa ya wasichana. Wavulana walikuwa na kandanda, na uwanja wa Camp Toyoyo juu yake.

Besiboli ni ndugu yake. Mwaka 1907 tume moja ya Wamarekani ilidai kwamba ilibuniwa na Abner Doubleday mwaka 1839, hadithi ambayo wanahistoria wameshaitupa, kwani neno lenyewe lilikuwa limechapishwa London tangu 1744, tena katika kitabu cha watoto. Gongo lao ni refu, linataka mikono miwili: wa chini unavuta, wa juu unasukuma. Bega halijabadilishiwa kazi.

Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Pennsylvania, na waliichapa timu ya Oregon 3–2. Klipu zao nimezitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, macho yangu yakiwa kwenye mabega tu. Wivu pia ulikuwepo. Raunda yangu iliishia darasa la nane. Shule ya upili niliyoenda haikuwa nayo, nikaambiwa nichague netiboli au nikae.

Nikakaa.

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinipa kipande cha ubao wa kitanda. "Aunty, si ati ulikuwa mnoma?" Akarusha. Bega la kushoto likajifunga lenyewe, sikuliambia. Juala lilipita juu ya kamba za nguo likatua kwenye paa la jirani, na mama mwenye nyumba akatoka nje akiuliza ni mtoto wa nani huyo.