Kampuni Mama na Mwanawe

Kiswahili cha biashara kina kampuni mama. Kina pia kampuni dada, na karani yeyote wa ofisi za Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, atakueleza bila kusita kwamba hizo ni kampuni zenye mama mmoja. Mwana ndiye hayumo. Mahali pake pamewekwa "kampuni tanzu", na hivi majuzi orodha moja ya istilahi imelirudia neno hilo bila hata tanbihi, kana kwamba shauri limekwisha. Kwangu halijaisha.

Utanzu ni tawi la mti. Wingi wake, tanzu. Mwanafunzi wa sekondari analijua tangu somo la fasihi: shina ni moja, na hadithi, semi na ushairi ni tanzu zake. Hapo neno limekaa mahali pake, maana utanzu hauna uhai wa peke yake. Maji yake ni yale yaliyofyonzwa na mizizi ya mti mzima, na ukikatwa hunyauka. Sasa waheshimiwa wajumbe walioandaa orodha hiyo walikuwa na vitu viwili vya kuvipa majina. Cha kwanza ni ofisi ya kampuni iliyofunguliwa nchi ya pili, ambayo kisheria ni kampuni ileile. Wakaiita tawi, na walipata. Cha pili ni kampuni nyingine kabisa, iliyosajiliwa kivyake, inayoshtaki na kushtakiwa kwa jina lake, ila hisa zake zimeshikwa na kampuni ya kwanza. Nacho wakakipa jina ambalo maana yake ni tawi! Tangu mwaka 1896, majaji wa London walipoamua katika kesi ya Salomon, fundi wa viatu, kwamba kampuni ni mtu mbali na mwenye hisa zake, vitu hivi viwili havikai chungu kimoja.

Eneo la Posta lenyewe, katikati ya jiji, ni shahidi. Serikali ilipotaifisha benki Februari 1967, Barclays DCO, Standard na National and Grindlays zilikuwa hapa kwa matawi ya kampuni za Uingereza. Hapakuwa na kampuni ya hapa ambayo hisa zake zingetwaliwa. Zilichukuliwa shughuli zenyewe za matawi, zikakabidhiwa National Bank of Commerce iliyoundwa wakati huohuo. Kwa kiwanda cha viatu cha Bata na kile cha sigara cha British American Tobacco njia ilikuwa nyingine: hizo zilikuwa kampuni za hapa, kwa hiyo Serikali ilitaka hisa za kuzitawala. Mwandishi wa historia atakayeyaita yote mawili kwa majina ya matawi atawaficha wasomaji wake kiini cha mwaka ule.

Neno langu ni kampuni mwana. Nililipendekeza kwa maandishi, likakatwa kwa kalamu nyekundu pasipo hoja. Mwana ni katika maneno ya kale kabisa ya Kibantu. Mganda husema omwana, msemaji wa Kilingala mwana, Mshona mwana, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Wafaransa, ambao ndugu zetu wa Kongo wanatumia lugha yao, waliita kampuni ya namna hii filiale, kutoka Kilatini cha mwana. Wajerumani walilichukua neno hilohilo wakalipa kazi ya tawi, lakini walipotaka kutaja kampuni yenye nafsi yake walirudi kulekule kwenye uzazi: Tochtergesellschaft, kampuni binti. Mwana hutoka kwa mama, hufanana naye, pengine humtii, lakini ni mtu wa pili. Akikopa akiwa mtu mzima, mama hadaiwi mpaka awe alimdhamini. Hiyo ndiyo sheria ya kampuni, neno kwa neno.

Mwenzangu mmoja, ambaye kwa heshima simtaji, amejibu kwamba mwana humrithi mzazi, ilhali hapa mama ndiye achukuaye mali. Ajabu kwamba hoja hii imeandikwa na mtu wa pwani. Katika mirathi ya Kiislamu mama humrithi mwanawe, sudusi au thuluthi kwa kadiri ya warithi waliopo. Mwingine anasema watu wamekwisha kuzoea tanzu. Waliozoea ni watafsiri. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, husema "nimefungua kampuni kule", na akisikia tanzu hudhani ni tawi, kama kamusi inavyomruhusu.

Na kudhani huko kuna gharama. Kongo ya Kinshasa iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012. Chini ya sheria ya pamoja ya jumuiya hiyo, tawi la kampuni ya kigeni kutoka nje ya nchi wanachama linatakiwa ndani ya miaka miwili liingizwe katika kampuni ya nchi mwanachama, isipokuwa limepewa msamaha. Anayepeleka vitenge Lubumbashi akaambiwa afungue "tanzu" lazima ajue ameambiwa nini. Hapa kwetu Tanzania, kampuni ya kigeni inayofungua tawi hujisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa hati za kwao. Inayotaka mwana huandikisha kampuni mpya chini ya Sheria ya Kampuni, Sura 212. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo kosa la istilahi sasa litasomwa mbele ya hakimu.

Matumizi ni mepesi. Kampuni mwana haibadiliki katika wingi, kama kampuni mama isivyobadilika. Ambayo hisa zake zote ni za mama ni kampuni mwana kamili; yenye wabia, kampuni mwana ya ubia. Nayo ikizaa, ile ya ngazi ya tatu ni kampuni mjukuu, ngazi ambayo wenye tanzu hawajaipatia jina hadi leo.