Udongo wa Kibuli, kutoka kileleni hadi bondeni

Shika udongo mwekundu wa kilima cha Kibuli, Kampala, ulowanishe, kisha uuviringishe kati ya viganja. Ukitoa uzi mrefu usiokatika, una udongo wa mfinyanzi mwingi. Ukimeguka mara moja, mchanga ndio uliozidi. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mtaalamu wa udongo akiwa shambani.

Kileleni, ulipo msikiti uliojengwa kwenye ardhi aliyoitoa Mwanamfalme Badru Kakungulu, udongo ni haba. Chini yake kuna tabaka la moramu. Kwa muda mrefu mno, mvua na joto viliozesha miamba ya kale na kuosha madini yanayoyeyuka, vikabakiza chuma na aluminiamu. Tabaka hilo likikauka huwa gumu kama tofali, na ndilo lililolinda vilele vingi vya Kampala visimomonyoke.

Mteremkoni udongo huwa na kina, na rangi yake nyekundu hutokana na chuma kilichoshika kutu. Matoke humea vizuri hapo. Bondeni, upande wa Nakivubo, maji hutuama na kuzuia hewa. Chuma hupoteza wekundu, udongo unakuwa wa kijivu, na mafunjo hustawi.

Geoffrey Milne, mwanasayansi wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alipendekeza mwaka 1935 kwamba udongo wa mteremko mzima kama huu, kutoka kileleni hadi bondeni, usomwe kama mnyororo mmoja. Hoja yake, iliyozaliwa Afrika Mashariki, sasa inafundishwa duniani kote.